Safari ya Kutafuta wa Kusaidiwa

Shule niliyokuwa nikifundisha Kiswahili jijini Nairobi ilikuwa na bwawa la kuogelea, farasi wa kupanda na upungufu mkubwa wa maskini. Huo upungufu wa maskini ulitusumbua, kwa sababu kila mwanafunzi wa darasa la mwisho alitakiwa awe amefanya kazi ya kujitolea kabla ya kuomba nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo. Vyuo hivyo, tuliambiwa, humpenda kijana aliyewahi kumhurumia mtu na akawa na picha ya kuthibitisha.

Miaka ya nyuma tulikuwa tukienda Turkana kupaka rangi madarasa. Shule moja huko tuliipaka rangi mara nyingi hata mwalimu mkuu wake akatuomba, kwa adabu sana, kwamba safari ijayo tumletee madawati. Safari ijayo tukampelekea rangi ya samawati.

Kisha katika mkutano wa wazazi, baba mmoja akasimama akasema Turkana imeshachakaa, kila shule inakwenda Turkana, watoto wetu watajitofautisha vipi? Yeye alikuwa akiuza nyama Saudia, na alijua jumuiya ya hisani iliyokuwa tayari kupokea vijana wa kujitolea mwezi wa Ramadhani.

"Saudia kuna maskini?" mama mmoja akauliza.

"Maskini wako kila mahali," akajibu yule baba, kwa uhakika wa mtu anayeuza bidhaa isiyokwisha dukani.

Nikateuliwa kuwaongoza. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia mimi ndiye mwenyeji wa mambo hayo, akimaanisha navaa buibui. Nilijaribu kumweleza kwamba mimi ni mtu wa Lamu na Kiarabu changu ni cha sala tu: naweza kumwomba Mola msamaha kwa ufasaha, lakini siwezi kumwomba mtu anionyeshe choo. Akasema hiyo ndiyo roho ya kujitolea.

Tukaanzia Riyadh. Msimamizi wa jumuiya alitupokea uwanja wa ndege, kijana mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hata ungeweza kujikata nayo, na Kiingereza kizuri kuliko changu. Kazi ya kwanza ilikuwa kupanda miti nje ya mji. Tulipofika tukakuta mashimo yamekwisha kuchimbwa kwa mstari ulionyooka, na vibarua kutoka Bangladeshi wamesimama kando wakisubiri tumalize kuwasaidia. Kila mwanafunzi alipewa mche mmoja na koleo jipya lenye utepe wa kijani. Walipanda, wakamwagilia, wakapigwa picha. Mtoto wa mbunge aliutungia mti wake jina la bibi yake na kuubusu majani.

Tulipokwisha kuingia basini nikagundua nimesahau chupa yangu ya maji, nikarudi. Wale vibarua walikuwa wanaing'oa ile miche, mmoja mmoja, taratibu kama mtu anayemtoa mtoto usingizini, na kuirudisha kwenye vyungu vyake. Nyuma yao wafanyakazi wa benki fulani walikuwa wanashuka kutoka basi jingine, nao wamevaa kofia za kujitolea.

Nikamtazama msimamizi. Hakuona haya hata kidogo.

"Mabomba ya maji hayajafika huku, Mwalimu," akaniambia. "Yakifika tutaipanda kwelikweli. Kwa sasa tunapanda moyo."

"Na miche yenyewe haifi?"

"Hii? Imeshapandwa sana. Imezoea."

Basini mtoto wa mbunge aliniuliza kama itawezekana siku moja aje aone mti wa bibi yake ulivyokua. Nikamwambia Mungu ni mkubwa.

Tukapanda ndege kwenda Jidda, msimamizi akiwa pamoja nasi. Mhasibu wa shule alikuwa ametuchagulia hoteli mtaa wa Kandara kwa kuangalia picha tu, na picha ilikuwa ya hoteli nyingine. Ya kwetu ilikuwa juu ya duka la mabegi, lifti yake ikifika ghorofa ya tatu hutetemeka kama mtu aliyekumbuka jambo. Watoto waliozoea vitanda vya futi sita walilala wawili wawili, na nilisikia mmoja akimwambia mama yake kwenye simu kwamba sasa anaelewa maisha ya watu wa chini. Alikuwa hajamaliza siku moja.

Jidda nina ndugu, binamu ya marehemu mama yangu, ninayemwita mama mkubwa. Wazazi wake walikimbia Unguja mwaka wa mapinduzi, yeye akiwa mchanga wa kubebwa mgongoni, na hajarudi tena, lakini Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama yake, hakijachujuka. Nilipompelekea wanafunzi kumsalimu akawakalisha wote sebuleni, akawaangalia mmoja mmoja.

"Nyie wanangu mmekuja kufanya nini huku?"

"Kujitolea, bibi," akajibu binti wa wakili. Huyu alikuwa kiongozi wa wenzake, msichana mrefu, makini, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amechelewa.

"Kumtolea nani?"

"Watu wasiojiweza. Tutagawa futari Balad."

Mama mkubwa akanigeukia. "Yaani mmepanda ndege kutoka Kenya mnakuja kumpa mtu wa Jidda tende?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Mwenzangu, watu hapa Ramadhani wanapigania wa kumpa! Juzi mie nilitoka na sahani ya sambusa, nimezunguka mtaa mzima nimerudi nayo."

Nilidhani anatia chumvi. Kesho yake tulikwenda Balad, mji mkongwe wa Jidda, kabla ya magharibi, kwenye uwanja ulio katikati ya nyumba kuukuu za matumbawe. Jumuiya nyingi zilikuwa zimeshafika, kila moja na meza yake na maboksi yake ya futari yamerundikwa, na wote wakitafuta mtu ambaye bado mikono yake ni mitupu. Sasa, shule yetu ilikuwa imewashonea wanafunzi vizibao vya rangi ya chungwa vyenye mistari inayong'aa, na mgongoni maneno ya kuupenda ulimwengu. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba katika mtaa ule mavazi kama hayo huvaliwa na wafagiaji wa barabara, na kwamba hakuna mtu anayepewa sadaka mwezi wa Ramadhani kama mfagiaji.

Hata meza yetu hatukuifikia. Mzee mmoja alimwona mtoto wa mbunge, akamjia mbio akamtia boksi la wali na kuku mkononi. Akatokea mwingine na maziwa ya mgando. Kina mama wakateremka garini na mifuko ya tende. Wanafunzi wangu waliwaeleza kwa Kiingereza kwamba wao ni wagawaji, na kadiri walivyoeleza ndivyo walivyozidi kuhurumiwa. Gari jeusi likasimama, kioo kikateremka, mkono ukatoka na noti.

"Mwalimu," akaniita mtoto wa mbunge, noti mkononi. "Huyu mtu amenipa sadaka."

"Sema jazakallahu kheri."

"Lakini babangu ni mheshimiwa!"

"Yeye hajui, mwanangu. Wewe pokea tu, usimvunje moyo."

Adhana ikalia, tukakaa chini kwenye mkeka pamoja na wafagiaji wenyewe, ambao walishangaa kuona wenzao wapya wanapiga picha chakula kabla ya kukila. Tulishiba hata kupumua tabu. Msimamizi alipokuja kututafuta akakuta tumezungukwa na maboksi ambayo tungeweza kulisha nayo Kandara nzima. Tulijaribu usiku ule, wallahi. Kandara nayo ilikuwa imeshashiba.

Jambo moja tu la kweli lilikuwa limebaki kwenye ratiba: mafunzo kwa kina mama wa Kikenya wanaofanya kazi za nyumbani. Mama mkubwa ndiye aliyetupatia nafasi, katika saluni ya Mkenya mmoja mtaa wa Sharafiya, ghorofani, juu ya duka la simu. Yalipangwa Ijumaa asubuhi kwa sababu Ramadhani matajiri hukesha na kulala mchana, na mfanyakazi anaweza kuchopoka madam wake akiwa bado anakoroma.

Wakaja wengi, wengine na aproni chini ya abaya. Wakakaa kwenye viti vya saluni na wengine chini. Mada, kama ilivyotumwa kutoka ofisi ya mwalimu mkuu, ilikuwa Kujithamini. Binti wa wakili alikuwa ameitayarishia picha za kurusha ukutani, na ya kwanza ilikuwa ya ngazi inayopanda mawinguni.

"Kabla hatujaanza," akauliza mama mmoja mnene, "chakula kiko saa ngapi?"

"Nyinyi si mmefunga?" binti wa wakili akashangaa.

"Mimi ni Mkristo wa Kakamega. Nimefunga kwa sababu friji iko karibu na mlango wa madam."

Wakacheka wote. Binti wa wakili akatabasamu kidogo, akaendelea. Aliongea vizuri, lazima niseme, kama mtu aliyefundishwa kuongea.

"Kila asubuhi ukiamka," akasema, "jiangalie kwenye kioo, ujiambie, mimi nina thamani. Usikubali mtu yeyote..."

"Wewe," sauti ikatoka nyuma. "Hebu geuka kidogo."

Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, ameegemea mashine ya kukaushia nywele. Binti wa wakili akasita.

"Geuka upande huu, mami. Hiyo alama kwa kidevu. Si ulianguka bafu? Nilikubeba mpaka hospitali bila viatu."

Nimefundisha miaka mingi, lakini sijawahi kuona uso wa mtoto ukirudi nyuma namna ile. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, ghafla akawa na saba.

"Auntie?" akasema.

Watoto wa Nairobi huwaita hivyo wanawake wanaowalea. Yule mama alikuwa ameingia nyumbani kwa wakili mtoto akiwa hajaota jino, akaondoka mtoto anasoma darasa la pili. Hayo niliyajua baadaye. Pale saluni niliona tu mkono wa msichana ukiwa bado umeelekeza kwenye ngazi.

"Mum alisema umeenda matanga kwenu," akasema. "Alisema utarudi Jumatatu."

"Matanga ya nani? Nilimuaga mama yako mwezi mzima kabla. Nilimwambia nimepata kazi Saudia. Ile asubuhi ulikuwa umelala, nikaambiwa nisikuamshe, utasumbua."

"Nilikuwa nakungoja kwa gate. Kila Jumatatu."

Yule mama akamtazama kichwani. "Nywele zako nani anasuka siku hizi? Hii ni nini? Kuja hapa."

Basi mafunzo yakaishia hapo. Msichana alikaa chini kati ya magoti ya yaya wake, akafumuliwa na kuanza kusukwa upya, analia bila kutoa sauti, na yule mama akimwambia atulie asijitikise. Ngazi ikabaki ukutani inapanda mawinguni peke yake. Wanafunzi wengine, wakikosa la kufanya, walikaa na kina mama wale wakajibu maswali: unga ni bei gani sasa, mvua imenyesha, ni kweli ile barabara ya Kakamega imekwisha? Mtoto wa mbunge aliulizwa mengi kuhusu barabara hiyo.

Msimamizi akachungulia mlangoni na kamera yake. "Halas? Mafunzo yamekwisha?"

"Mafi halas," yule mama akamjibu bila kuinua kichwa, akimaanisha bado. "Ngoja."

Akatupiga picha hivyo hivyo. Niliiona baadaye kwenye taarifa ya jumuiya. Maelezo yake yalisema vijana wa Afrika wanajifunza ufundi wa asili.

Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa simu ilipolia. Madam ameamka. Yule mama akainuka palepale, akajifunga abaya, akamshika msichana shavu, akateremka ngazi mbio. Wenzake wakataka kummalizia ile nusu. Msichana akakataa, na akazunguka Jidda siku zilizobaki na kichwa cha watu wawili, huku mistari safi, huku timutimu. Kiongozi wetu asiyechelewa akawa wa mwisho kufika kwa kila jambo.

Nikampeleka kwa mama mkubwa. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatafuta namba ya yule madam kwa jirani wa jirani, akampigia. Saa nzima ilikuwa ya salamu: hali, afya, watoto, Ramadhani, afya tena. Ombi lenyewe lilichukua muda wa kumeza mate. Tukaalikwa kufuturu.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumchukia yule madam, na alininyima hata hiyo nafasi. Alitukumbatia. Alitukalisha mbele ya supu, sambusa, wali wa mbuzi na vitamu ambavyo siwezi kuvitaja. Akasema kwa Kiarabu, mama mkubwa akitafsiri, kwamba yule mama si mfanyakazi, ni kama mmoja wa familia. Mmoja wa familia alikuwa amesimama mlangoni na jagi la juisi.

Binti wa wakili hakuweza kula. Kila sahani iliyowekwa mbele yake ililetwa na mkono uleule. Na nyuma ya mkono kulikuwa na mtoto mdogo wa madam, wa kike, ameng'ang'ania abaya ya yaya na kumfuata jikoni na kurudi. Alipoona mgeni anamwangalia sana yaya wake, akamkunjia uso kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Msichana akainuka, akakusanya sahani.

"La, la!" madam akashtuka. "Mwambieni akae, huyu ni mgeni!"

"Mwache," mama mkubwa akamwambia. "Kaja kujitolea."

Nikamfuata jikoni kwa kuona haya ya kukaa. Nikawakuta wanaosha vyombo, mmoja anasugua, mwingine anasuuza, na yule mtoto amekaa juu ya kaunta kati yao akipewa vijiko avifute. "Wakati unanilea mimi," msichana alikuwa akiuliza, "kumbe ulikuwa na mtoto wako?"

"Niko naye. Kijana. Sasa yuko sekondari."

"Na yeye nani alikuwa anamlea?"

"Nyanya yake. Halafu simu."

"Ulikuwa unatuambia sisi hadithi kila usiku."

"Na yeye nilimwambia. Credit ikiisha anamalizia mwenyewe."

Wakaendelea kusuuza. Kisha yule mama akasema mkataba wake unaisha mwakani na hataufunga tena, ikama yake, yaani kibali cha kuishi, ikimalizika anarudi nyumbani, na kama mungu wa Saudia ni yule yule wa Kakamega basi atafika. Hapo akamwambia msichana akaushe mikono akae kwenye kiti, akamalizia ile nusu ya kichwa haraka haraka, madam akiita chai kutoka sebuleni.

Tuliporudi Nairobi shule ilifanya hafla. Palionyeshwa filamu fupi yenye muziki wa kinanda: miche, vizibao, maboksi ya futari yakipita kutoka mkono hadi mkono bila kuonyesha yalikuwa yakielekea upande gani. Mtoto wa mbunge alishangiliwa. Binti wa wakili aliambiwa na mhasibu wa saa za kujitolea aandike aliosha vyombo wapi, na alipoeleza akaambiwa kazi hiyo haiwezi kuhesabika kwa kuwa iliwafaidi watu wasio na mahitaji na haina picha. Hakubishana.

Mama yake alinifuata kwenye maegesho ya magari. Ni mwanamke anayejulikana mahakamani kwa kutokatizwa, lakini siku hiyo alianza sentensi mara kadhaa.

"Nilidhani atasahau," akaniambia mwishowe. "Watoto si husahau?"

Nikamwambia wengine husahau. Akaniuliza namba ya simu ya yule mama, nikampa. Sijui kama alipiga. Binti yake alikuwa akipiga kila Ijumaa asubuhi, saa ambazo Jidda imelala.

Mwaka uliofuata niliombwa na msichana nimsindikize uwanja wa ndege kumpokea yaya wake. Alikuwa amekwisha kukosa nafasi katika chuo alichokitaka na kupata katika kingine ambacho hakikuuliza habari za huruma. Tulimkuta kijana wa yule mama amesimama kwenye kamba ya wapokeaji na bibi kizee aliyemleta kutoka Kakamega, kijana kavaa shati la shule kwa kuwa ndilo lililokuwa safi kuliko yote. Wakatazamana, yeye na msichana. Kila mmoja alimjua mwenzake kwa picha za simu, na hakuna aliyejua amwite mwenzake nani. Wakapeana mikono kama watu wanaokutana benki.

Yule mama akatoka na mabegi matatu yaliyozungushwa kamba. Kijana hakukimbia. Alikwenda polepole, akainamisha kichwa, akampa mama yake mkono, nao mkono ukapokelewa, kisha mama akaangusha kila kitu akamvuta shingo, kijana amekakamaa kama mlingoti, mikono haijui pa kwenda. Alisimama hivyo muda mrefu kabla hajaanza kulegea.

Msichana alikuwa ameshapiga hatua moja. Akairudisha. Akaenda kutafuta toroli, akapanga mabegi juu yake moja baada ya jingine, akasimama nayo pembeni mpaka walipokuwa tayari.